Kipindi Ambacho Katuba Haikukiona

Kabla sijaona mtu hata mmoja, nilisikia wimbo. Nilikuwa bado barabarani, mkono wangu juu ya lango la bati, na upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakiimba bila maneno, midomo imefumbwa, kama wanaochunga padri asiwasikie. Haukuwa wimbo wa kanisa. Ulikuwa muziki wa kufungulia "Lupango Moja", mchezo wa televisheni wa zamani kuhusu familia moja na kiwanja chake, yaani lupango, mchezo ambao sisi wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, tuliupenda, siku nyingine, kuliko familia zetu wenyewe. Walikuwa wakimwimbia Papa Kalonji, aliyefariki wiki ile, Noeli ikiwa imekaribia na mvua ikigonga turubai la matanga. Niliposukuma lango niliwaona: Mama Chantal kwenye benchi la mbele, Tantine Godé, shangazi yangu, kajifunga kitenge cheusi kichwani, na kando yake Dieudo, akiongoza sauti kwa kidole kimoja. Nilikitazama kidole kile. Miaka mingi imepita, amekula nasi Noeli moja baada ya nyingine, asubuhi ile alikuwa amesaidia kubeba jeneza, na bado kila ninapomwona mtu huyu mahali ambapo watu wanalia, huruma haiwi ya kwanza kunijia. Ninajiuliza anataka nini.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huko Kasapa, nikilala kwenye divani katika salon, sebule ya Tantine Godé. Chumba kile bado ninaweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, juu yake nyeupe iliyogeuka njano kwa moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Televisheni ilikuwa kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na maua ya plastiki ambayo Tantine aliyaosha kila Jumamosi kwa sabuni ileile ya sahani. Divani yangu ilikuwa na chemchemi moja iliyovunjika iliyonijua vizuri ubavuni. Na mkabala na divani, mlango wa chumba cha Trésor, mtoto wa pekee wa Tantine, aliyekuwa ameondoka kuelekea mpaka wa Zambia miaka kadhaa kabla yangu, akawaambia watu wote wa avenue kwamba atarudi akiendesha lori, camion yake mwenyewe. Hakurudi na camion. Hakurudi kabisa. Simu yake ilikuwa imenyamaza hata Tantine akaacha kuipiga. Nililala usiku mwingi nikitazama mlango ule, nikijua kwamba nyuma yake kuna kitanda kizima, meza, na dirisha linalofunguka.

Desemba, salon ile ilikuwa ya watu wa Lupango Moja. Mchezo wenyewe ulikuwa umetoka hewani tangu nikiwa mtoto wa kukaa mkekani, na ilisemekana kanda zake zilifutwa ili kurekodia mambo mengine. Kwa hiyo mashabiki waliutunza kwa mdomo. Kila Jumapili ya kungojea Noeli, baada ya misa, walikuja kwa Tantine, wakala bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, wakasimuliana vipindi, kisha kila mmoja akatoa wazo lake la siku kuu. Kila mtu alikaa mahali pa mtu wa mchezo. Papa Kalonji, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Kasai, alikalia kiti cha baba, Papa Simoni. Tantine alikuwa Mama Philo, mama wa nyumba. Mama Chantal, jirani yetu mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa Jolie, binti mshonaji, ingawa umri wake ulikuwa umempita Jolie mbali. Kiti cha Sylvain, mtoto wa kwanza ambaye katika mchezo alikwenda Mokambo, mji wa mpakani, asirudi, kilibaki kitupu, na sahani mbele yake iligeuzwa kifudifudi. Anayesema alishika telecommande ya zamani, rimoti isiyo na betri, iliyofungwa kwa mpira. Aliyeishika hakukatwa maneno, hata akisema upuuzi.

"Mi wazo yangu ya Noeli njo hii," alianza Mama Chantal Jumapili ya kwanza, akiielekeza telecommande kwenye chungu. "Mama Philo alikuwa anachinja kuku moja, moja tu, na ku meza kuko bantu kumi. Kila muntu anakula, anashiba, anacheka. Mufupa haionekane! Miye nikichinja tatu, batoto banapigana. Alors, ile kuku ilikuwa ya namna gani?"

"Ilikuwa kuku ya imani," alisema Papa Kalonji alipopewa nafasi.

"Ilikuwa kuku ya bongo, papa." Bongo, kwetu, ni uongo. Tulicheka mpaka Ministre, mbwa mzee wa Tantine, akabweka mlangoni.

Kisha Tantine akaichukua telecommande na kuilaza mapajani kama mtoto mchanga. Alisema hana mengi. "Mama Philo, mwisho, alifunga chumba ya Sylvain na funguo, akasema basi. Mi pia nimechoka. Siku kuu ikipita nitaita bantu, tulie Trésor, hata kama mwili haiko. Kisha Nadège ataingia mu chumba yake." Hakuna aliyeweza kumkatiza, na alipoiweka telecommande chini hakuna aliyetaka kuiokota. Papa Kalonji alivua miwani. Mimi nilitazama sahani yangu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umefanya jambo ambalo sikutaka lionekane usoni. Nilikuwa tayari nimepanga meza itakaa upande gani wa dirisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati Dieudo alipoingia. Ilikuwa Jumapili iliyofuata, mvua imekatika muda mfupi, na kitu cha kwanza alichosema hakikuwa salamu. Alisema, "Ministre, we! Tulia," na Ministre, ambaye alikuwa ameuma mpaka katekista, akatulia. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka, wakati sisi wote tulikuwa na tope bichi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi, na tabasamu la mtu anayejua ataulizwa maswali. Alisema alisikia sokoni kwamba kuna watu wanaokumbuka Lupango Moja, naye aliipenda sana.

Papa Kalonji alimhoji kama mtahiniwa. "Jolie alikuwa anafanya kazi gani?"

"Anashona, papa."

"Na velo, baiskeli ya Papa Simoni, rangi gani?"

"Televizio ya kwetu ilikuwa ya noir et blanc, papa. Nilimuonaka anapanda, rangi sikuiona."

Mama Chantal akacheka kwa sauti, na kicheko chake kikawa cheti cha kuingilia. Lakini Dieudo hakukaa kwenye benchi la wageni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Sylvain, akaketi, akaigeuza sahani. Nilimngoja Tantine amfukuze. Tantine alichukua mwiko, akamkatia bukari.

Kesho yake nilimfuata Mama Chantal ukutani, alipokuwa akipepea makaa. "Mama Chantal, ule muntu alijua jina ya mbwa."

"Mbwa ya Godé bantu yote banaijua. Inaumaka bantu yote."

"Yeye haikumuuma."

Aliacha kupepea. "Hapo umesema kitu."

"Tena anaangaliaka sana mulango ya chumba ya Trésor."

"Basi ni voleur, mwizi tu. Ao anatafuta bibi." Alinyoosha upepeo wake kuelekea paa letu. "Tantine yako iko mujane, nyumba ni yake, bati ni mupya. Angalia bati kwanza, mama, njo utajua juu ya nini banaume banakuyaka."

Nilitazama bati, na kweli liling'aa. Wiki ile yote nilihisi kama Dieudo yumo ndani hata alipokuwa hayupo. Nilipofua niliwaza viatu vyake. Nilipokuwa darasani Kasapa, profesa akieleza mambo ambayo siyakumbuki tena, niliandika pembezoni jina la mbwa na kulizungushia duara. Huenda ndipo nilipoanza kazi hii ya kuandika watu, katika kumpeleleza mmoja. Sikumpeleleza kwa ajili ya Tantine peke yake, na sijifanyi hivyo leo. Nilikuwa na kitanda cha kulinda, hata kama bado sikuwa nimekilalia.

Jumapili ya tatu Dieudo aliomba telecommande. Aliishika kwa mikono miwili. "Munasemaka iliisha na funguo," alisema. "Haikuisha na funguo. Kulikuwa ya mwisho, ya siku ya Noeli. Huku Katuba hamukuiona juu cabine iliungua, hamukukuwa na courant."

Hilo la umeme lilikuwa kweli. Mwaka ule wa mwisho transfoma ya mtaa wetu iliungua kabla ya Noeli, tukala siku kuu kwa mishumaa, na taa ziliporudi mchezo haukuwapo tena. Tulikuwa tumemwona Mama Philo akizungusha ufunguo, na Papa Kalonji alitangaza kwamba hapo ndipo ulipoishia. Hakuna aliyewahi kuwauliza watu wa mitaa mingine. Katuba iliamini kilichoonekana Katuba.

"Sylvain iko ku Mokambo," aliendelea Dieudo, bila kumtazama mtu. "Aliambia bantu atarudia na camion. Camion haiko. Anasukuma velo ya bunga, unga ya bengine, anavuka nayo mpaka. Iko na haya. Jioni anakula na benzake. Akimaliza kunawa, anapangusa mikono ku nywele."

"Ku nywele!" Papa Kalonji alisahau sheria ya telecommande, akasimama. "Jamais! Sylvain alikuwa na mouchoir. Leso ya blanc, mu mufuko ya shati. Kila épisode!"

"Ile siku alipangusa ku nywele, papa."

"Basi haikukuwa Sylvain!"

Mwiko wa Tantine ulikuwa ndani ya chungu cha sombe, na uliganda humo. Niliuona ukiganda. Nilidhani ni ile huruma ya wajane ambayo Mama Chantal alinionya kuihusu. "Na Mama Philo?" Tantine aliuliza polepole. "Yeye anafanya nini mu ile ya mwisho?"

"Anangoya, mama. Anangoya sana. Kisha anavala viatu, anachukua sakoshi yake, anaenda kumutafuta. Mulango inafunga. Muziki inapanda. Basi, fini."

Mama Chantal hakungoja hata sahani zioshwe. Dada yake aliishi upande wa Kasapa miaka ile, na huko transfoma haikuungua. Dieudo alipoondoka tu, simu iliwekwa katikati ya meza, sauti juu, tukaiinamia wote kama watu wanaoota moto. "Ile Noeli?" sauti ilikwaruza. "Sisi tulikuwa na courant siku yote. Kwaya ilikuwa inaimba. Kwaya, kwaya, mpaka mume yangu akazima televizio. Lupango Moja gani tena?" Mama Chantal alikata simu akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshika mwizi kwa mkono wake mwenyewe. Nami nilifurahi. Nilikuwa nimesema tangu siku ya mbwa.

Jumapili ya nne Papa Kalonji alikuja amevaa tai. Dieudo alipokalia kiti cha Sylvain, mzee hakumngoja ashike kijiko. "Monsieur, muntu akiiba kuku, kuku inapunguka, tunaelewa alikuwa na njaa. Weye haukuiba. Weye umeongeza. Muntu anayekuya kuongeza kitu mu nyumba ya bantu, anatafuta nini? Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu, papa."

"Bongo!" alisema Mama Chantal. "Kama ya kuku."

Dieudo aliinamisha kichwa. Walimzungukia na ushahidi: kwaya, leso nyeupe, ufunguo. Walibishana kama Sylvain aliwahi hata siku moja kuonekana akinawa. Papa Kalonji alikumbuka kipindi kizima cha ubatizo ambapo leso ilionekana mara mbili. Watu hawa walikuwa na akili kali, nami nilikuwa mkali kuliko wao, na hakuna kati yetu aliyefikiria kuuliza swali dogo: kama si Sylvain, ni nani basi, huko Mokambo, anayejipangusa mikono kwenye nywele? Tulikuwa mashabiki. Tulijua kulinda mchezo.

"Papa, amekula hapa," Tantine alisema. "Acha anawe mikono." Akamwongoza kwenda jikoni, nyuma ya pazia. Nilikusanya sahani ambazo hazikuwa zimemalizika, nikawafuata, nikasimama upande wangu wa pazia. Nilisikia maji yakimiminwa kutoka kwenye birika, na sauti ya Tantine ikiwa chini kuliko maji.

"Ile nywele, bado anayo?"

"Kidogo, mama. Inaanza kutoka hapa mbele."

"Sawa na baba yake." Maji yalikatika. "Tangu iko mutoto nilimupiga juu ya ile mikono ku nywele. Juu ya nini haukusema tu umemuona?"

"Aliniapisha. Nilienda kumuaga, nikamwambia nitapita Lubumbashi, akasema nenda uangalie kama mama iko muzima, lakini usiseme jina yangu. Nikaapa. Lakini mambo ya televizio hakunikataza."

"Na mbwa?"

"Anaisemaka kila siku. Ministre aliuma huyu, Ministre aliuma ule. Nilikuya na kipande ya makayabu mu mufuko."

Tantine alicheka, sauti fupi ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, kisha ikageuka kuwa kitu kingine, nikarudi nyuma na sahani zangu.

Wengine wangelainika hapo. Mimi sikulainika. Nilipobaki na Tantine nilimwambia kwamba habari za nywele mtu yeyote angeweza kuziokota mtaani, kwamba mji wa mpaka unajaa watu wanaojua kuongea, kwamba mtu aliyetunga kipindi kizima mbele ya Papa Kalonji anaweza kutunga mtoto pia. "Ule muntu alidanganya, Tantine. Mbele ya bantu yote."

"Alidanganya juu ya Sylvain," alisema, akisugua chungu. "Sylvain si wangu."

Nani alirudi na nani hakurudi, nitasema sasa, ili nisimalizie nalo. Trésor alikuja Pasaka, akakaa wiki mbili, akarudi Mokambo. Tangu hapo huja na kwenda, na kwenye matanga ya Papa Kalonji ndiye aliyebeba mabenchi, kisha akanawa, na nilimwona akipeleka mikono kichwani, ambako hakuna nywele tena. Kipindi cha Dieudo kilibaki. Papa Kalonji alikipinga kwa miaka, halafu Noeli moja, ameshika telecommande, akakiita "hors série", kipindi cha nje ya mfululizo, na kukisimulia mwenyewe, akimtilia Sylvain leso mfukoni ambayo siku hiyo aliisahau. Sasa kuna watoto Katuba wanaoapa kwamba babu zao walikiona. Na Dieudo? Alipata rafiki, mahali pa kula, kiti. Labda alitaka hivyo tu. Nikiwa nimekaa chini ya turubai lile, nikisikiliza wimbo ukipanda kwa kidole chake, nilijikuta nikichungulia mfuko wake wa shati nione kama kuna kipande cha makayabu.

Lakini asubuhi ya mkesha wa Noeli mwaka ule, Tantine alipojiandaa kwenda Mokambo na Dieudo, hatukujua lolote kati ya haya. Tantine alivaa viatu vya kanisani, akavua, akavaa vya kutembelea. Alikuwa ameweka bukari ya jana kwenye kitambaa, na sabuni, na shati la kiume jipya ambalo lilikuwa bado na pini kwenye kola. Dieudo alimngoja uani, mbwa kalala juu ya viatu vyake. Nilitoka nikamsimamia mbele.

"Acha carte yako hapa," nilimwambia. "Mpaka Tantine arudi."

"Carte yangu?"

"Ndiyo. Kama hauna kitu unaficha."

Alinitazama, akacheka, akatoa kitambulisho chake mfukoni na kukiweka mkononi mwangu kama mtu anayelipa nauli. Nilikisoma jina lote, pande zote mbili. Nilirudi ndani nikakiweka chini ya maua ya plastiki.

Tantine alikuwa amesimama katikati ya salon na sakoshi begani. Alitazama mlango wa chumba cha Trésor, akaenda, akauvuta kuhakikisha umefungwa, na ufunguo akaurudisha kwenye sidiria yake. Alijua nilikuwa nikitazama ufunguo. "Kesho bantu bakikuya, ukate bukari," alisema. "Papa Kalonji umupe mufupa mukubwa, ili anyamaze."

"Na matanga, Tantine?"

"Matanga ya nani?"

"Na chumba?"

Aliichukua telecommande juu ya televisheni, akanishikisha, akanifungia vidole juu yake. Mikono yake ilinuka sabuni ya sahani. "Kesho njo utaikala mu kiti ya Sylvain," alisema. "Chumba, ngoya."

Nilitaka kumwambia asiende. Nilikuwa nimeshika telecommande, na kwa sheria yetu hakuna ambaye angenikatiza. Nje, Ministre aliinuka akajikung'uta. Tantine akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.